Msikiti Una Jeneza, Hauna Machela



Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujaendelea mbele na hizo video, nakuuliza swali moja. Msikiti wa mtaa wenu una jeneza?

Bila shaka unalo. Liko pale pembeni, limehifadhiwa vizuri, na kuna mzee anayejua ufunguo uko wapi. Akifa mtu saa tisa usiku, kabla ya alfajiri sanda imepatikana, wa kuosha amefika, na vijana wa kuchimba kaburi wameshapigiwa simu. Adhuhuri tushasalia, tushazika. Hakuna serikali iliyotufundisha haya wala mfadhili aliyetuandikia mradi. Tumejipanga wenyewe, manake tunajua kifo ni haki.

Sasa swali la pili. Msikiti huo huo una machela?

Una mtaimbo? Una jeki, kamba, msumeno wa kukata chuma? Kuna vijana hata watano hapo mtaani wanaojua kumtoa mtu chini ya kifusi bila kumvunja uti wa mgongo? Kuna dada anayejua kuzuia damu isiendelee kumwagika?

Hapo tunanyamaza. Na mimi nasema kimya hicho ni aibu yetu. Sisi ni watu tuliojipanga vizuri sana kuzika, na hatujajipanga hata kidogo kuokoa.

Wacha nieleze kwa nini nasema hivi, halafu wewe utapima.

Tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri, ardhi ilitetemeka Uturuki na Syria kwa ukubwa wa 7.8. Mchana wa siku hiyo hiyo likaja jingine la 7.5. Uturuki peke yake walikufa watu zaidi ya 50,000, na Syria maelfu. Pale Antakya, msikiti wa Habib-i Neccar, mmoja wa misikiti ya zamani kabisa katika nchi ile, ukabomoka. Sisi huku tulifanya nini? Tuliomba dua, tukabadilisha picha zetu za WhatsApp, tukachanga. Allah alipe kila aliyetoa. Lakini mwezi mmoja baadaye tulikuwa tumesahau, na hakuna aliyeuliza swali la muhimu: kwa nini jengo hili lilianguka na la jirani yake likabaki limesimama?

Jibu si siri. Mwaka 2018 Uturuki ilipitisha msamaha wa majengo: umejenga bila kibali, umeongeza ghorofa kinyume cha ramani, unalipa ada, unapewa karatasi, yamekwisha. Wenye maduka ya chini wengine walikata nguzo ili duka lipate nafasi. Kuna waliopunguza vyuma na kuna waliobania simiti. Karatasi zilisema majengo yako sawa, lakini ardhi haisomi karatasi. Tetemeko ni mkaguzi asiyechukua hongo.

Ukitaka kuhakikisha, tazama mwaka 2010. Januari tetemeko la 7.0 lilipiga Haiti na kuua watu zaidi ya laki moja. Februari likaja la 8.8 kule Chile, lenye nguvu karibu mara mia tano kuliko la Haiti, na waliokufa walikuwa kama 500. Chile hawana dua kutushinda. Wana sheria ya ujenzi inayofuatwa, na watoto wao wanafundishwa shuleni la kufanya ardhi inapotikisika. Ukweli ni kwamba mara nyingi kinachoua si mtikisiko wenyewe. Kinachoua ni dari, ukuta na nguzo, vitu ambavyo binadamu alivijenga, binadamu akavipitisha, na binadamu akala pesa hapo katikati.

Najua unachotaka kusema. "Hayo ni ya Uturuki bana, Kenya hakuna matetemeko."

Kwani bonde la ufa tunalosoma darasa la nne lilichimbwa na nani? Nchi yetu imekaa juu ya mahali bara la Afrika linapopasuka polepole. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la 6.9 lilipiga Subukia, ardhi ikapasuka kwa makumi ya kilomita. Wakati ule hakukuwa na maghorofa ya kuangukia watu. Leo Nakuru ni jiji. Julai 2007 ardhi ilitikisika karibu na ziwa Natron, huko kaskazini mwa Tanzania, na Nairobi watu wakashuka ngazi mbio kutoka maofisini. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilipiga Bukoba: zaidi ya watu 15 wakafa, maelfu ya nyumba zikaharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Na tarehe 12 Agosti 2020, usiku, tetemeko la karibu 6 lilitokea baharini upande wa Dar es Salaam, mtikisiko ukafika mpaka Mombasa.

Sikuogopeshi. Hatari ya Mombasa si sawa na ya Nakuru, na sitakudanganya ati kesho litakuja. Hakuna mwanasayansi duniani anayeweza kukutajia siku ya tetemeko, na ukiletewa ujumbe wa WhatsApp unaotaja siku na saa, ufute. Ninachosema ni hiki: majengo yetu hayasubiri hata tetemeko. Tarehe 29 Aprili 2016 pale Huruma, Nairobi, mvua tu ilitosha. Jengo la ghorofa sita likaanguka, watu zaidi ya 50 wakafa, na lilikuwa limeshatiwa alama kwamba libomolewe. Alama ilikuwa ukutani, wapangaji walikuwa ndani, na kodi ilikuwa inaendelea kukusanywa. Sasa ikiwa mvua inaangusha, hebu fikiria ardhi yenyewe ikisukumwa.

Tembea Majengo, tembea Eastleigh, tembea kokote tunakoishi kwa wingi. Palipokuwa na nyumba ya Kiswahili ya chini yenye baraza, leo pana ghorofa saba au nane. Chini maduka matupu yaliyosimama juu ya nguzo nyembamba, juu familia zimejazana. Wataalamu wa ujenzi wanaogopa sana jengo la namna hiyo, lenye ghorofa ya chini iliyo dhaifu kuliko za juu, manake likitikiswa linakaa chini kama ngamia. Na huku Pwani tuna ugonjwa wetu zaidi: mchanga wa bahari. Ni rahisi, uko karibu. Lakini ukitumiwa bila kuoshwa, chumvi yake inakula vyuma ndani ya zege miaka yote huku wewe ukiona rangi nzuri nje. Ukiona zege linapasuka kufuata mstari wa chuma na kutu inatoka kama chozi, hilo jengo linakuambia kitu.

Na tusinyooshee wenye nyumba peke yao. Tuseme na haya ya kwetu ndani. Ni misikiti na madrasa ngapi zimeongezewa ghorofa juu ya msingi uliowekwa kwa jengo la chini? Pesa za waumini zinakuja, kamati inakaa, kinachojadiliwa ni marumaru, zulia jipya, na taa kubwa ya kuning'inia katikati. Mhandisi anaitwa mwisho, kama anaitwa. Chini ya hiyo zege wanakaa watoto wa miaka sita wakihifadhi Juzuu Amma. Tulipopeleka wazo la kumleta mhandisi kwa kamati moja, jibu lilikuwa moja tu: "Nyumba ya Allah inalindwa na Allah."

Hapa ndipo ninapotaka tugombane kidogo, kwa adabu.

Hiyo kauli inavaa kanzu ya dini lakini si dini. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache na kutawakali, alimwambia amfunge kisha atawakali. Tawakkul inakuja baada ya kamba, haiji badala yake. Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipofika karibu na Sham akasikia kuna tauni, alirudi na jeshi lake. Akaulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, na jibu lake linajulikana: anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Nabii Yusuf, alayhi salaam, alipoijua njaa inayokuja hakuwaambia watu wa Misri wakae wasubiri. Aliwapangia ghala la miaka saba. Na kuna hadithi anayoipokea Abu Daud kuhusu mtu anayelala juu ya paa lisilo na kizuizi: kwamba ulinzi umeondoka kwake. Yaani dini yetu ilizungumzia usalama wa paa lako kabla kaunti haijakuwepo.

Wengine wanakuja na jingine zito zaidi: tetemeko ni adhabu. Sasa wale watoto wa Herat walifanya dhambi gani? Oktoba 2023 matetemeko yalipopiga pale Afghanistan, UNICEF walisema zaidi ya asilimia 90 ya waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Lilipiga mchana, wao walikuwa ndani ya nyumba za udongo. Anayesimama kwenye mimbari na kuwaita hao wenye kuadhibiwa, huku aliyejenga vibaya anakaa safu ya mbele, amemwondolea mkosaji kesi na kumbebesha maiti.

Tena ukitaka mfano wa Waislamu waliojiandaa, ninao. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilipigwa na tsunami mwaka 1907, wakafa watu wengi. Waliobaki hawakuandika ripoti. Waliwasimulia watoto wao, na watoto wakawasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, usiokote samaki, kimbilia mlimani. Wakakipa kitu hicho jina, smong. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari iliporudi nyuma tena, watu wa kisiwa, karibu 78,000, walipanda vilimani. Waliokufa ni saba. Hawakuwa na king'ora wala programu ya simu. Walikuwa na hadithi ya nyanya na watu walioiamini. Siku hiyo hiyo huku kwetu, taarifa zilifika mapema, polisi wakatoa watu ufukweni, na Kenya akafa mtu mmoja. Somalia, ambako hakuna aliyewaonya, walikufa karibu 300. Bahari ni moja na wimbi ni moja.

"Lakini hiyo si kazi ya serikali?"

Ndiyo, ni kazi ya serikali, na lazima tuibane. Kenya ina mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu 1973. Tuna Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi na idara za mipango katika kila kaunti. Kwa karatasi hatuna upungufu. Katiba, kifungu cha 43, inakupa haki ya makao yanayofaa. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu, na saa 48 tu ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Jengo lenye nyufa unalolala ndani yake, kama hilo halihusu uhai, sijui kinachohusu ni nini. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Tumezoea kutumia haki hizi ndugu yetu akikamatwa au akipotea, na tutaendelea. Sasa tuzitumie pia kabla ya kifusi. Haki ya kuishi haianzi kwenye seli ya polisi peke yake.

Na tuseme wazi: maskini ndiye anayebanwa zaidi. Mombasa kuna familia ngapi ambazo nyumba ni yao na ardhi si yao? Vizazi vitatu wanalipa kodi ya kiwanja, hawana hati, kwa hiyo kibali cha kujenga vizuri kinakuwa ndoto. Siku ikianguka wataambiwa walijenga kiholela. Anayetaka usalama wa majengo Pwani na hataki kuzungumzia dhulma ya ardhi, anatuchezea.

Lakini sikia na hili. Hata serikali iwe nzuri namna gani, saa ya kwanza haitafika. Tarehe 7 Agosti 1998 Nairobi ilipolipuliwa na jengo la Ufundi likaporomoka, walioanza kuchimba kwa mikono ni wapita njia, na waokoaji wenye vifaa ikabidi waje kutoka nje ya nchi. Kobe, Japani, mwaka 1995, nchi tajiri yenye kila kitu, wengi wa waliotolewa hai kwenye kifusi walitolewa na majirani zao. Jirani ndiye zimamoto wa kwanza. Swali ni kama jirani huyo, ambaye ni wewe, atakuwa na mtaimbo na akili, au atakuwa na simu ya kurekodi tu.

Basi tufanye nini? Ninataka mambo haya, na nayataka kabla Ramadhani haijafika.

Kwanza, kila msikiti uwe na sanduku la uokoaji karibu na lile jeneza. Machela mbili, mitaimbo, jeki za gari, sururu na beleshi, msumeno wa chuma, kamba, tochi, firimbi, glavu, kofia ngumu, vifaa vya huduma ya kwanza. Hivi si vitu vya mamilioni. Tunaofutarisha mtaa mzima kila mwaka hatushindwi. Ufunguo wawe nao watu watatu, asiwe nao mmoja aliyesafiri.

Pili, vijana ishirini kwa kila msikiti, kumi wanaume na kumi wanawake, wafundishwe huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu wanafundisha, namba yao ni 1199, wapigieni muulize. Na ninaposema wanawake ninamaanisha hivyo. Siku hiyo mama akiwa amebanwa chini ya ukuta, usije ukaniambia hakuna wa kumshika. Dada, hii ni nafasi yako, usisubiri kualikwa.

Tatu, hesabuni mtaa. Nani mzee asiyeweza kushuka ngazi? Nani anatumia kiti cha magurudumu? Madrasa ina watoto wangapi na mlango mmoja au miwili? Kiwanja wazi kiko wapi cha kukutania? Kamati ya mazishi tayari inazijua nyumba zote. Anzieni hapo.

Nne, jifunze na ufundishe nyumbani. Ardhi ikitikisika usikimbilie ngazi, usiingie lifti. Inama, ingia chini ya meza imara, funika kichwa, shikilia mpaka itulie. Ikitulia, funga mtungi wa gesi, zima umeme kwenye swichi kubwa, toka mbali na kuta. Uko ufukweni, Lamu, Malindi au Likoni, na mtikisiko umekuwa mrefu au maji yamerudi nyuma ghafla, panda juu mara moja. Kama mko kwenye sala na roho iko hatarini, mafakihi wameruhusu kuikata ili kuokoa. Mwambieni imamu wenu alifafanue hilo kwenye khutba moja tu ya Ijumaa. Moja.

Tano, kila kamati ya msikiti na madrasa ituonyeshe ripoti ya mhandisi kabla ya kuongeza ghorofa. Hakuna ripoti, hakuna mchango. Sisi ndio tunaotoa, sisi tuna haki ya kuuliza. Na kwa nyumba za kupanga zenye nyufa, andikeni barua kwa kaunti mkiwa wengi, mwombe ramani iliyopitishwa na cheti cha kuruhusu watu kukaa. Weka nakala. Hesabu siku. Wasipojibu, tuleteeni hapa.

Najua kuna watakaosema tunatia watu hofu. Kuwaogopesha watu ni kuwaambia hatari na kuwaacha mikono mitupu. Tunachotaka sisi ni mikono iwe na kitu.

Ijumaa hii, baada ya sala, usiondoke haraka kama kawaida yako. Nenda kwa mzee mwenye ufunguo wa jeneza, umsalimie, shikamoo, halafu umuulize kwa heshima: mzee, machela tutaiweka wapi? Akikuambia hakuna machela, mwambie tunaileta. Kisha rudi hapa utuandikie jina la msikiti na siku mliyokubaliana.

Allah atuhifadhi, atupe akili ya kufunga ngamia, na awarehemu waliotangulia chini ya vifusi. Amin.

Wassalaam alaykum.